Pijo ya marehemu baba imegongwa usiku, sasa naletewa laki 3 "yaishe"

Shikamoo Mzee.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina miaka 43. Barua hii nimeiandika mara 2 nikaichana, maana kila nikiisoma naona watu watanicheka: mtu mzima analilia gari kuukuu.

Baba alifariki miaka 6 iliyopita. Alituachia nyumba Ngamiani na Pijo 504 ya mwaka 1980, rangi ya maziwa, gia za kwenye usukani. Aliinunua mkononi mwa mtu mwaka 1988, akiwa karani bandarini. Shule nilipelekwa nayo, siku ya harusi nilitolewa nayo, na yeye mwenyewe safari yake ya mwisho ya hospitali alilazwa kiti chake cha nyuma. Kaka zangu wana magari yao ya kisasa. Pijo nilibaki nayo mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikimshikia tochi akifungua kabureta, huku akinisimulia jinsi utotoni alivyokuwa akisimama kando ya barabara kusubiri magari ya Safari Rally, na jinsi Pijo ilivyowatoa watu jasho.

Wiki 3 zilizopita niliilaza nje, kwa sababu uani jirani alikuwa amefunga turubai la shughuli. Saa 10 alfajiri tukasikia kishindo. Tulipotoka, Pijo ilikuwa imesukumwa imepanda ukingo wa mtaro. Mlango wa nyuma kulia umebonyea ndani, madigadi imekunjamana hadi inagusa tairi, taa ya nyuma imebaki tundu. Aliyegonga hayupo. Ameacha kipande cha bampa jeupe na vipande vya taa. Muuza kahawa aliyekuwa akiwasha jiko lake pale kona anasema ni Noah, na tarakimu zake 3 alizishika, herufi hana uhakika nazo.

Hapo nikafanya kosa. Kwa uchungu, kulipokucha tu nikaita brekdauni ikalivuta gari hadi gereji, ndipo nikaenda polisi. Trafiki akaniuliza, "Sasa mwalimu, mimi nichore nini, mtaro?" RB, ile namba ya taarifa ya polisi, nilipewa, lakini nilitoka pale nimenywea.

Bima niliyonayo ni ile ndogo ya 118,000. Wakala aliyenikatia akasema hiyo hailipi gari langu hata bolti moja. Kisha akanivuta pembeni, akaniambia nikate bima kubwa sasa hivi, nikae kimya wiki 2, halafu niripoti kama ajali mpya, "mambo ya picha niachie mimi."

Juzi kijana wa bodaboda wa mtaani kwetu ameiona Noah nyeupe imefichwa gereji fulani, ubavu wa mbele kushoto umevunjika, na tarakimu ni zile zile. Habari zikamfikia mwenyewe kabla sijajua la kufanya. Jana usiku akaja na mjomba wake na wazee 2, wamebeba bahasha ya laki 3 na karatasi iliyochapwa tayari. Anasema gari aliendesha kijana wake, amekiri, na mambo haya yaishe kindugu. Niliwaambia wanipe siku 3.

Fundi mmoja anataka 700,000, atanyoosha na kujaza puti. Mwingine anataka 2,100,000, atafute mlango mzima na kukata madigadi aweke nyingine. Kaka yangu mkubwa ameshaleta mtu wa chuma chakavu, anatoa 900,000, na kaka anasema nikikataa basi mimi nina jini la Pijo.

Nisaini? Na je, wakala yule ni mwizi au ni mtu wa msaada?

Binti wa Karani, Tanga

*

Marahaba mwanangu. Pole ya gari, na pole nyingine ya baba, maana naona zimekuja kwa pamoja. Atakayekucheka hajawahi kuwa na gari lenye harufu ya mtu. Mimi Datsun 120Y yangu niliiuza kwa ajili ya ada za watoto, na mpaka leo nikikutana na nyingine barabarani nageuka kama mtu aliyeitwa jina. Ila nilikaa dawati la madai ya bima miaka mingi, kwa hiyo nitaongea zaidi kama karani kuliko kama mlizi mwenzio.

Siku 3 ulizoomba ni chache, na leo ya kwanza inaisha. Usiitumie kufikiria bahasha. Nenda polisi na RB yako, uwaambie Noah ilipo. Wakikuuliza kwa nini una haraka, waambie fundi wa upande wa pili naye ana haraka. Bampa ile ikishatolewa ikatupwa, ubavu ukanyooshwa na kupigwa rangi, utabaki na tarakimu 3 za muuza kahawa. Ikikutwa ilivyo, kipande ulichookota kitakaa kwenye bampa yake kama kigae kwenye chungu kilichovunjika, na rangi ya maziwa ya baba yako itakutwa imejipaka ubavuni mwake. Vipande vya taa navyo vitunze. Taa za magari ya Kijapani huandikwa jina la mtengenezaji, Koito au Stanley kwa mfano, pamoja na namba, na muuza spea mzoefu akiisoma namba ile anakwambia taa hiyo ni ya gari gani. Viweke kwenye mfuko, andika tarehe na mahali vilipookotwa, umwombe jirani aliyekuwepo aandike jina lake pia.

Kuhusu kuvuta gari kabla ya trafiki kufika, umekosea kweli, lakini si kosa la kukufunga mdomo. Usiku ule lazima kuna jirani aliyepiga picha kwa simu. Hakuna ajali mtaani isiyopigwa picha. Zikusanye zikiwa kwenye simu zilikopigwa, maana picha halisi hubeba saa na tarehe, na ikishapita WhatsApp hupoteza. Muuza kahawa atoe maelezo kituoni, si kwako. Halafu omba mkaguzi wa magari wa polisi aifuate Pijo hapo gereji aijazie fomu yake ya ukaguzi, ile watu wa bima wanayoiita PF 93. Upelelezi ukikamilika utahitaji na ripoti ya polisi ya ajali, PF 90. Bila karatasi hizo hakuna dawati la madai litakalokusikiliza, hata ukilia machozi ya damu. Na mpaka Pijo ikaguliwe na polisi na pia mkadiriaji wa bima, fundi asiguse hata skrubu. Nimeona madai mazuri yakifa kwa sababu fundi alikuwa na nafasi Jumamosi.

Sasa bahasha. Usisaini.

Si kwa sababu laki 3 ni ndogo, ingawa ni ndogo. Nakuhakikishia karatasi iliyochapwa nyumbani kwa mdaiwa ina sentensi inayosema umeridhika na huna madai mengine yoyote. Ukiweka jina lako chini yake umejifungia milango 2 kwa mkupuo: wa yule bwana, na wa kampuni yake ya bima. Huo wa pili ndio ambao hujauona bado.

Wakala alikuambia kweli kwamba bima yako ndogo hailipi gari lako. Bima ya namna hiyo huwalinda watu wengine dhidi ya gari lako. Ila geuza sentensi hiyo uitazame kwa nyuma: Noah nayo ina bima, angalau inatakiwa iwe nayo kisheria, na kwa bima hiyo mtu mwingine ni wewe. Watu wengi huishia kwenye nusu ya kwanza ya habari, wakarudi nyumbani. Chukua namba kamili ya Noah ukaitazame kwenye mfumo wa TIRA, ile mamlaka ya usimamizi wa bima. Una ukurasa wa kuhakiki stika mtandaoni. Unaingiza namba ya gari, unaona bima ilikatwa kampuni gani na inaisha lini. Kinachotakiwa ni kwamba siku ya ajali ilikuwa hai. Iliyokatwa juzi baada ya habari kumfikia haikusaidii wewe wala yeye.

Kama ilikuwa hai, mwambie yule bwana, mbele ya wazee wake na kwa heshima zote, kwamba njia rahisi kuliko zote kwake ni kwenda kuripoti kwa bima yake. Kwa kawaida mkataba wa bima humkataza mteja kukiri kosa au kumlipa mtu bila kampuni kujua, kwa hiyo bahasha ile inamharibia yeye pia. Wengi hawajui. Wanakuja na wazee kwa sababu wanaogopa polisi, na hawajui kwamba wameshalipia mtu wa kuwabebea mzigo. Wewe nawe peleka barua yako ya madai moja kwa moja kwenye kampuni hiyo, ukiambatanisha RB, picha, makadirio ya mafundi na risiti ya brekdauni. Ndiyo, hata brekdauni, ni sehemu ya hasara. Chukua nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri haijawahi kufika popote.

Kuna mambo 2 yanayoweza kuwakwamisha, nikuambie mapema. Kama Noah inabeba abiria kwa nauli na imekatiwa bima ya gari binafsi, au kama kijana aliyeendesha hana leseni, kampuni inaweza kukataa dai la mali yako. Hapo unarudi kwa mwenye gari na kijana wake, na hapo ndipo mazungumzo ya kindugu yanapopata maana. Mkae serikali ya mtaa, si sebuleni kwako. Kiasi kiandikwe kamili kwa makadirio ya fundi, tarehe za malipo ziandikwe, mashahidi wasaini, na ile sentensi ya kutokuwa na madai mengine ianze kufanya kazi siku shilingi ya mwisho inapoingia, si kabla. Akivunja ahadi, mkononi utakuwa na deni la maandishi, ambalo ni jepesi kulidai mahakamani kuliko hadithi ya kishindo cha alfajiri. Kesi ya trafiki nayo iache iendelee. Kugonga na kukimbia ni kosa lenyewe, mbali na kugonga, na hukumu ya kesi hiyo ni karatasi nyingine nzuri kwenye faili lako.

Endapo kampuni itakuzungusha bila sababu, malalamiko yaanze kwao kwa maandishi, kisha yapande kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ofisi ipo kwa ajili hiyo, na huhitaji wakili kuingia mlangoni.

Wakala wako si mwizi wala si mtu wa msaada, ni mtu wa kamisheni. Anachokuambia kina jina: udanganyifu. RB yako ina tarehe. Muuza kahawa ana macho. Na gari la mwaka 1980 haliingii bima kubwa bila kukaguliwa na kupigwa picha pande zote. Picha za kughushi atapiga yeye, fomu utasaini wewe. Siku ikigundulika yeye atasema alidanganywa na mteja. Mwalimu wa shule ya msingi hawezi kumudu kesi ya namna hiyo kwa ajili ya mlango wa nyuma.

Sasa niulize mimi. Barua yako nzima hukuniambia kadi ya gari ina jina la nani.

Naogopa ni la baba. Kama ni hivyo, sikiliza vizuri, maana hiki ndicho kizingiti kitakachokushangaza pale kaunta. Kampuni hulipa mwenye mali, na mwenye mali kwenye kadi ni marehemu. Wataomba barua ya mahakama ya msimamizi wa mirathi. Kama hamjawahi kumteua kwa miaka 6 yote hii (na familia nyingi hazijateua, tunakaa tu kwenye nyumba za wazee kama wageni waliosahaulika), basi kikao cha familia kiitishwe wiki hii, muhtasari uandikwe, mwende mahakamani. Hilo linamgusa na kaka yako mkubwa. Yeye hawezi kuiuza Pijo kwa mtu wa chuma chakavu, na wewe kwa karatasi huwezi kumkatalia, kwa kuwa bado ni ya urithi na nyote mna fungu ndani yake. Kwenye kikao hicho hicho sema wazi kwamba unataka Pijo ihesabiwe kwenye fungu lako, hata kama utapunguziwa kidogo kwingine. Mambo ya jini yatakwisha siku hiyo. Nadhani kaka yako hana ugomvi na gari; amechoka kuona kitu cha baba ambacho hajui ni cha nani.

Turudi kwenye thamani. Baba yako hakukudanganya kuhusu rally. Bert Shankland, dereva wa hapa kwetu Tanzania, alishinda Safari mwaka 1966 na 1967, ila kwa Pijo 404, kaka mkubwa wa 504. Hiyo 504 ilipata zamu yake mwaka 1975 na tena 1978. Habari tamu, na kwenye fomu ya madai haina mstari wake. Mkadiriaji atatazama bei ya soko tu: Pijo kama hii, siku moja kabla ya ajali, ingeuzwa shilingi ngapi? Akiandika milioni 2 na matengenezo ni 2,100,000, atasema haifai kutengenezwa, atakulipa thamani na kuondoa bei ya mabaki. Akiandika milioni 5, matengenezo yanapita bila kelele. Faili lako liko kati ya tarakimu hizo 2, na huyo mkadiriaji huenda hajawahi kuendesha Pijo maishani mwake.

Kwa hiyo msaidie kuona. Tafuta matangazo ya 504 zinazouzwa, yapige picha yakiwa na bei na tarehe. Toa risiti za injini, za breki, za viti, chochote ulichotengeneza. Picha za harusi yako ndiyo mahali pake hapa, zinaonyesha bodi ilivyokuwa imenyooka. Ukiweza, lipia mthamini huru akuandikie ripoti yake. Na wakishikilia kwamba gari limekufa, bado unaweza kuomba ubaki na mabaki, fedha yake ikatwe kwenye malipo, kisha ukatengeneza kwa mwendo wako. Hilo watu wengi hawaliombi kwa sababu hawajui linaombwa.

Mafundi wako sasa. Yule wa 700,000 si lazima awe tapeli, lakini kazi yake sikushauri. Pijo 504 haina chesisi inayojitegemea kama Land Rover. Bodi ndiyo chesisi. Gari lililopigwa ubavuni hadi likapanda mtaro linaweza kuwa limesogea nguzo ya katikati au kizingiti cha chini ya milango, na puti haisogezi nguzo, inaificha. Kabla ya kuongea bei, mwambie fundi yeyote apime kwa utepe uwazi wa mlango wa nyuma kulia, kona hadi kona, pande zote 2 za msalaba, kisha apime wa kushoto ambao haukuguswa. Vipimo vikilingana, una kazi ya bati. Visipolingana, una kazi ya kuvuta bodi, na kama makadirio ya 2,100,000 hayana mstari wa kuvuta, hata hayo yatapanda. Ni heri yapande sasa, kabla hayajafika bima, kuliko mwezi ujao mfukoni mwako.

Mlango mzima unapatikana kwa subira. Pijo zilizolala uani kwa watu Korogwe, Muheza na Moshi bado zipo, na wauza spea za zamani wa Gerezani, Dar, wana simu za watu wenye simu za watu. Ukipata mlango, tazama chini yake ndani, kwenye matundu ya kutolea maji, maana ndipo kutu inapoanzia. Rangi ya juu isikudanganye. Siku ya kwenda kuchukua gari beba sumaku ya mlango wa friji. Ipitishe taratibu kwenye madigadi. Pale inapokataa kushika pana puti nene, na fundi atakueleza mbele yako ni kwa nini. Rangi usikubali ichanganywe kwa kukisia: rangi ya maziwa ya miaka mingi imeshaungua jua, ifananishwe na mlango wa mbele ulioungua nayo baada ya kusuguliwa kwa polishi, na ifutiwe hadi mlango huo, la sivyo utakuwa na gari la rangi 2 kila jioni jua likizama.

Bima kubwa usiipuuze baadaye, kwa njia halali. Kampuni nyingi zinasita kwa magari ya umri huo, lakini kuna zinazokubali baada ya ukaguzi na ripoti ya mthamini. Uliza swali moja tu kabla ya kulipa: gari likifa mtanilipa kiasi kilichoandikwa hapa, au bei ya soko ya siku hiyo? Jibu waliandike.

Na kabla hujatoka kwenda polisi, pitia gereji uzibe tundu la taa ya nyuma kwa nailoni na utepe wa gundi, bila kugusa kingine. Mvua ya Tanga haisubiri mkadiriaji. Maji yakiingia kwenye buti yanatuama kwenye kona za chini, na kutu ya wiki 3 mkadiriaji ataiita kutu ya miaka 10.